Shingo imevimba lakini si TB: Sindano nyembamba inavyougundua ugonjwa adimu wa Rosai-Dorfman

Inaanza kama kinundu kidogo chini ya taya. Mtoto hasemi kama kinauma. Anacheza, anakula, anaenda shule. Wiki zinapita, kinundu kimoja kinakuwa vitatu, kulia na kushoto, hadi kola ya shati la shule haifungiki.

Nyumbani kila mtu ana jibu lake. Bibi anasema ni mitoki, itapoa ikikandwa kwa maji ya moto. Jirani anasema matubwitubwi. Duka la dawa wanatoa amoksilini ya siku tano. Uvimbe hauna habari.

Akifika kituo cha afya, neno linalotajwa mapema ni moja: TB.

Na mara nyingi neno hilo ni sahihi. Tanzania, Kenya na Uganda zote zimo kwenye orodha ya Shirika la Afya Duniani (WHO) ya nchi 30 zenye mzigo mkubwa wa kifua kikuu, na ugonjwa huo haukai mapafuni peke yake. Tezi za shingoni ni moja ya sehemu unazozipenda sana.

Shida inakuja pale dawa za TB zinapoanzishwa kwa kuitazama shingo tu, bila mtu yeyote kuchukua sampuli. Dawa nne kwa miezi miwili, kisha mbili kwa miezi minne. Ini linabeba mzigo, familia inahesabu vidonge, na mwezi wa sita unaisha shingo ikiwa vilevile au kubwa zaidi.

Baadhi ya wagonjwa wa namna hiyo hawakuwa na TB tangu mwanzo. Wengine wana saratani ya tezi, ambayo miezi sita ya kusubiri inaweza kuwagharimu maisha. Na wachache sana wana kitu ambacho hata madaktari wengi wamekisoma kitabuni tu: ugonjwa wa Rosai-Dorfman.

Kuutambua hakuhitaji kila mara chumba cha upasuaji. Mara nyingi safari inaanza na sindano nyembamba kuliko ile ya kutolea damu, vioo vichache vya maabara, na macho ya mtu anayejua anachokitafuta.

Seli za usafi zinapojaa kupita kiasi

Mwilini kuna seli za kinga zinazoitwa histiosaiti. Kazi yake, kwa lugha rahisi, ni usafi na ulinzi: zinameza vijidudu, zinaondoa seli zilizokufa, na nyingine zinapeleka taarifa ya adui kwa askari wengine wa mwili.

Katika magonjwa ya histiosaiti, seli hizi zinaongezeka na kujazana mahali ambapo hazikutakiwa kuwa nyingi hivyo. Rosai-Dorfman ni mmoja wa ndugu katika ukoo huo. Hapa zinajaza njia za ndani ya tezi za limfu, zile ambazo zikivimba mtaani huitwa mitoki, mpaka tezi inakuwa mara kadhaa ya ukubwa wake wa kawaida.

Picha inayojulikana zaidi ni ya mtoto au kijana mwenye uvimbe mkubwa pande zote mbili za shingo, usiouma. Anaweza kuwa na homa. Anaweza kupungua uzito au kutoka jasho usiku. Vipimo vya damu vinaweza kuonyesha ESR iliyopanda, upungufu wa damu na protini za kinga zilizozidi.

Ukisoma orodha hiyo haraka utasema ni TB. Ukiisoma mara ya pili utasema ni limfoma, yaani saratani ya tezi. Ndiyo maana ugonjwa huu unapotea kirahisi katikati ya hayo mawili.

Pia haukai shingoni tu. Uchambuzi mkubwa uliochapishwa mwaka 1990, uliokusanya wagonjwa 423 kutoka sehemu mbalimbali za dunia, ulionyesha kuwa asilimia 43 walikuwa na ugonjwa nje ya tezi: kwenye ngozi, puani, kwenye tundu la jicho, kwenye mifupa, hata kwenye utando wa ubongo. Wastani wa umri ulikuwa takribani miaka 20.

Historia yake ina uzi unaopita Afrika. Majina yanayotajwa sana ni ya Juan Rosai na Ronald Dorfman, wanapatholojia waliouelezea ugonjwa huu mwaka 1969 wakiwa Marekani. Dorfman mwenyewe alizaliwa Afrika Kusini. Mwaka 1972 wakarudi na wagonjwa 34, na katika kichwa cha habari cha andiko lao wakautaja kama ugonjwa unaojifanya limfoma.

Lakini miaka minne kabla ya andiko lao la kwanza, mwaka 1965, mwanapatholojia Mfaransa Pierre Paul Destombes alikuwa ameshaandika kuhusu watoto na vijana wenye tezi za aina hii, kutoka visiwa vya Antili na kutoka Mali. Andiko lilikuwa la Kifaransa na dunia haikulitilia maanani. Siku hizi baadhi ya wataalamu wanarudisha haki yake kwa kuuita ugonjwa wa Rosai-Dorfman-Destombes.

Na kweli, aina ya ugonjwa huu inayokaa kwenye tezi imeripotiwa zaidi kwa watoto na vijana wenye asili ya Afrika. Bado ni adimu mno. Marekani nzima inakadiriwa kupata wagonjwa wapya wapatao 100 tu kwa mwaka. Ila uadimu si sababu ya kuusahau, hasa kwenye ukanda ambao shingo zilizovimba ni nyingi na mashine za kupima ni chache.

Sindano inaingiaje?

Kipimo chenyewe hospitalini wengi wanakiita FNA. Kwa Kiswahili cha kueleweka: kuvuta seli kwa sindano nyembamba. Elimu ya kuzisoma seli hizo chini ya hadubini inaitwa saitolojia.

Tofauti yake na biopsi ni hii. Kwenye biopsi daktari anakata kipande cha nyama, au anatoa tezi nzima. Kwenye FNA hakati kitu. Anachukua seli zilizolegea tu.

Sindano inayotumika huwa na upana wa kama nusu milimita hadi milimita 0.7. Daktari anaushika uvimbe katikati ya vidole viwili ili usiteleze, anasafisha ngozi kwa spiriti, anachoma. Kisha anavuta bomba kidogo na kuisogeza sindano mbele na nyuma mara kadhaa ndani ya uvimbe, akibadilisha mwelekeo. Wengine hawavuti kabisa. Wanaacha seli zipande zenyewe kwenye sindano.

Kuna hatua moja ndogo ambayo ikikosewa kazi yote inaharibika. Kabla ya kuchomoa sindano, mvuto lazima uachiwe. Ukichomoa huku bado unavuta, sampuli inarukia ndani ya bomba na kuitoa huko inakuwa tabu.

Anayetegemea kuona bomba limejaa damu atashangaa. Kinachotafutwa ni tone tu, tena lililomo ndani ya sindano yenyewe. Tone hilo linamwagwa kwenye kioo na kusambazwa kwa kioo kingine, kama mtu anavyopaka siagi kwenye mkate, ila kwa mkono mwepesi zaidi.

Kioo kimoja kinaachwa kikauke kwa hewa. Kingine kinatumbukizwa kwenye alkoholi mara moja. Kila kimoja kinapakwa rangi yake, na hapa kuna habari njema kwa hospitali za kawaida: rangi ya Giemsa, inayotumika sana kwa vioo vilivyokaushwa kwa hewa, ni ileile ambayo maabara zetu zinaitumia kila siku kutafuta vimelea vya malaria. Kupata rangi siyo tatizo kubwa. Kupata mtu wa kusoma kioo ndilo tatizo.

Maumivu? Ni ya sindano. Mtoto mdogo atalia na atahitaji kushikwa, lakini hakuna dawa ya usingizi wala kidonda cha kushona. Baada ya hapo mahali palipochomwa panabanwa kwa pamba dakika chache. Mara nyingi kinachobaki ni mchubuko mdogo. Mwenye ugonjwa wa damu kutoganda, au anayetumia dawa za kulainisha damu, aseme mapema kabla hajachomwa.

Kuna imani ambayo madaktari wanakutana nayo kila siku: uvimbe ukiguswa na chuma, saratani inasambaa. Imani hii inawafanya watu wakimbie kliniki na kurudi baada ya mwaka. Ukweli ni kwamba seli za saratani kufuata njia ya sindano nyembamba ni jambo nadra sana, na saratani iliyoachwa mwaka mzima bila jina ni hatari kubwa zaidi kuliko sindano hiyo.

Wazo lililozaliwa upya

Watu wengi wanadhani kipimo hiki ni cha kisasa, kimekuja na mashine mpya. Hapana. Moja ya matumizi yake ya mwanzo kabisa kwenye tezi yalifanyika hapahapa Afrika Mashariki.

Mwaka 1904, wakati malale ilipokuwa inaua watu kandokando ya Ziwa Victoria, madaktari wawili wa Uingereza, Greig na Gray, waliokuwa kwenye tume ya utafiti huko Entebbe, Uganda, walichoma sindano kwenye tezi za shingo zilizovimba za wagonjwa na kuutazama majimaji wake kwa hadubini. Walikuta vimelea vya malale, tena kwa urahisi kuliko walivyovikuta kwenye damu.

Mwaka 1930 daktari Hayes Martin na mwenzake Edward Ellis, wa hospitali ya Memorial, New York, waliitumia njia hiyo kutafuta saratani, ila kwa sindano nene. Wasweden ndio walioipunguza unene na kuifanya kazi ya kila siku, kuanzia miaka ya 1950, pale Karolinska, Stockholm, akiwamo Sixten Franzén.

Kinachoonekana kwenye kioo

Sasa hapa ndipo Rosai-Dorfman inapojitaja yenyewe.

Chini ya hadubini, tezi ya kawaida iliyovimba kwa mafua au jino bovu inaonekana imejaa limfosaiti, zile seli ndogo za kinga zenye kiini cha mviringo na mwili mdogo. Kwenye Rosai-Dorfman limfosaiti zipo, na seli za plasma zipo, lakini katikati yake zinakaa histiosaiti kubwa isivyo kawaida. Zina mwili mpana wa rangi hafifu na kiini kikubwa cha duara.

Na ndani ya mwili huo mpana kuna limfosaiti nzimanzima. Moja, mbili, wakati mwingine kumi na zaidi.

Hazijatafunwa, na hili ndilo jambo la ajabu. Histiosaiti ya kawaida ikimeza kitu inakimeng'enya, na ukiangalia ndani unaona makombo, vipande vyeusi vya viini vilivyovunjika. Kwenye Rosai-Dorfman limfosaiti zinakaa ndani zikiwa kamili, kila moja imezungukwa na duara jembamba jeupe, kama abiria kwenye daladala: wameingia, wamekaa, lakini hakuna aliyegeuzwa chakula.

Kitendo hiki kina jina lake la kitaalamu, emperipolesisi, lililoundwa kutoka Kigiriki kwa maana ya kuzurura ndani ya kitu.

Msomaji wa kioo anapoiona katikati ya histiosaiti za aina hiyo, kwa mgonjwa mwenye shingo ya aina hiyo, ana sababu nzito ya kuandika Rosai-Dorfman kwenye majibu. Sindano moja, kioo kimoja, siku hiyohiyo ikiwezekana.

Asipoijua, atapita juu yake. Ataona limfosaiti nyingi, ataona seli kubwa, ataandika tezi iliyochokozwa na maambukizi, na mgonjwa atarudishwa nyumbani na antibayotiki nyingine. Vilevile, seli kubwa zenye kiini kikubwa zinaweza kumtisha mtu asiye na uzoefu akaandika saratani. Makosa yote mawili yameripotiwa katika maandiko ya kitabibu.

Kuwatenga wanaofanana

Kazi nyingine ya kioo ni kusema mgonjwa hana nini.

TB ikiwa kwenye tezi huacha alama zake: makundi ya seli ndefu zilizoshikana, uozo unaofanana na jibini iliyovunjika, na seli kubwa zenye viini vingi vilivyopangwa pembeni kama kiatu cha farasi. Tone linalobaki kwenye sindano linaweza pia kupelekwa kwenye mashine ya GeneXpert, ambayo hospitali nyingi zinayo kwa ajili ya makohozi, na majibu hutoka ndani ya takribani saa mbili. WHO ilikubali mashine hiyo itumike kwa sampuli za tezi tangu mwaka 2013. GeneXpert ikisema hakuna TB haimaanishi TB imeondoka kabisa kwenye hesabu, lakini ikisema ipo, mjadala unakuwa mfupi.

Limfoma ya Hodgkin ina seli yake ya kipekee yenye viini viwili vikubwa vinavyokodoa kama macho ya bundi. Limfoma ya Burkitt, ambayo Denis Burkitt aliielezea mwaka 1958 kutokana na watoto aliowaona Kampala, inajaza kioo chote kwa seli zinazofanana. Uvimbe wa Burkitt unaweza kuongezeka maradufu ndani ya siku moja hadi mbili, kwa hiyo hapo kasi ya sindano inaokoa maisha moja kwa moja.

Kisha yupo ndugu wa karibu zaidi, ugonjwa wa histiosaiti za Langerhans. Nao ni wa histiosaiti, nao unawapata watoto, nao unaweza kuvimbisha tezi na kula mifupa. Ila seli zake zina kiini chenye mfereji katikati. Aliyewahi kushika punje ya buni kule Kagera au Kilimanjaro anaujua mfereji huo. Pembeni yake hujaa seli nyekundu za eosinofili, zile zinazopanda mtu akiwa na mzio au minyoo.

Hapo kuna mtego wa majina ambao umewasumbua wanafunzi wengi wa udaktari. Seli ya TB yenye viini vingi inaitwa seli ya Langhans. Ugonjwa wa histiosaiti ni wa Langerhans. Ni watu wawili tofauti, wote Wajerumani, wote wa karne ya 19. Herufi mbili katikati zinaweza kumbadilishia mgonjwa dawa.

Mashaka yakibaki, maabara kubwa hutumia rangi maalumu zinazokamata protini fulani za seli. Histiosaiti za Rosai-Dorfman hushika alama inayoitwa S100 na nyingine iitwayo CD68, lakini hazishiki CD1a. Za Langerhans hushika S100 na CD1a pia. Kwa S100, histiosaiti inageuka kahawia yote huku limfosaiti zilizomo ndani zikibaki bila rangi, kama matundu. Emperipolesisi iliyokuwa inatafutwa kwa taabu inaonekana waziwazi.

Vipimo hivi hufanyika kwenye mabaki ya sampuli yaliyokusanywa na kugandishwa kuwa kibonge kidogo. Kwa hiyo daktari anayehisi ugonjwa adimu hufanya vizuri akichoma mara mbili au tatu, ili seli zitoshe.

Mahali ambapo sindano inakwama

Kuna wagonjwa ambao sindano peke yake haitawatosha, na ni vizuri familia ijue hilo mapema.

Emperipolesisi haipo kwa wingi kwa kila mgonjwa. Kwenye tezi za shingo huwa rahisi kuiona. Kwenye ngozi, mifupa au ubongo inaweza kuwa chache na nyama imejaa makovu, sindano ikatoka karibu tupu. Pia sindano inagusa kona moja tu ya uvimbe. Imewahi kuripotiwa tezi moja kuwa na sehemu inayofanana na Rosai-Dorfman na sehemu nyingine yenye limfoma. Sindano ikiingia upande mmoja, upande wa pili unabaki siri.

Kwa sababu hiyo, kama kioo kinasema kitu kimoja na hali ya mgonjwa inasema kingine, biopsi inafuata. Hapo hakuna ubishi. Mapendekezo ya kimataifa yaliyochapishwa mwaka 2018 kuhusu ugonjwa huu yanautazama mwili mzima wa mgonjwa, na si uvimbe wa shingoni tu: macho, pua, mifupa, mishipa ya fahamu, vipimo vya damu, na picha pale zinapohitajika.

Kosa jingine ambalo linafanyika kwa nia njema ni kumpa mgonjwa prednisoloni kabla ya sampuli. Uvimbe unanywea, kila mtu anafurahi. Lakini limfoma nayo hunywea kwa prednisoloni, kwa muda, na sampuli ikichukuliwa baadaye kioo kinakuwa kimevurugika. TB nayo ikipewa dawa hiyo bila dawa zake inaweza kuchachamaa. Sampuli kwanza.

Na kwa upande wa pili, siyo kila tezi inayokua wakati wa dawa za TB ni ushahidi kwamba TB ilikosewa. Tezi za TB zenyewe huweza kuvimba zaidi mwanzoni mwa matibabu wakati kinga inapopambana. Mgonjwa asiache dawa mwenyewe. Anachopaswa kudai ni swali lijibiwe: sampuli ilichukuliwa, na ilisema nini?

Msomaji wa kioo yuko wapi?

Kuchoma sindano kunaweza kufanywa na daktari aliyefundishwa kwenye hospitali ya wilaya. Kusoma kioo ni habari nyingine. Wanapatholojia wamejikusanya kwenye hospitali kubwa: Muhimbili Dar es Salaam, KCMC Moshi, Bugando Mwanza, Kenyatta Nairobi, Mulago Kampala. Mgonjwa wa mbali analipa nauli, au kioo kinasafiri na yeye anasubiri.

Simu imeanza kupunguza umbali huo kidogo. Mtaalamu wa maabara anaweza kuweka kamera ya simu kwenye jicho la hadubini, akapiga picha ya seli inayomtatiza na kumtumia mwenzake aliye mji mwingine kwa ushauri. Kwa ugonjwa kama huu, ambao alama yake kuu inaonekana kwa macho kwenye picha moja nzuri, msaada huo ni mkubwa. Picha mbaya, iliyopakwa rangi vibaya, haimsaidii mtu.

Inasaidia pia kama fomu inayoambatana na kioo imejazwa sawasawa. Fomu iliyoandikwa "uvimbe shingoni" basi, haimwambii msomaji chochote. Umri, muda, pande zote mbili au moja, unauma au hauumi, homa ipo au hakuna, dawa gani zimeshatumika: mistari mitatu inayoweza kumfanya mtu aitafute emperipolesisi badala ya kuipita.

Majibu yakitoka, nini kinafuata?

Hapa kuna sehemu inayowashangaza wazazi wengi. Kwa mgonjwa ambaye ugonjwa uko kwenye tezi tu na haumbani, tiba ya kwanza mara nyingi ni kutotibu. Anafuatiliwa. Inakadiriwa kuwa kati ya asilimia 20 na 50 ya wagonjwa wenye ugonjwa wa tezi au ngozi hupona wenyewe, kwa miezi au miaka.

Dawa zinaingia pale uvimbe unapobana njia ya hewa, jicho, figo au mishipa ya fahamu. Prednisoloni hutumika sana mwanzoni. Uvimbe mmoja unaosumbua unaweza kuondolewa kwa upasuaji. Zipo pia sirolimusi, dawa za saratani kama kladribini, na kwa nchi zenye uwezo, dawa mpya zinazozuia njia ya MEK ndani ya seli.

Dawa hizo mpya zimekuja baada ya kugundulika kuwa takribani theluthi ya wagonjwa wana mabadiliko kwenye jeni za njia hiyo, kama KRAS na MAP2K1. Ugunduzi huo umebadilisha hata mahali ugonjwa unapowekwa. Kwa miaka mingi ulihesabiwa kama kinga iliyochachamaa tu. Katika mpangilio wa WHO wa mwaka 2022 umeingizwa kwenye kundi la uvimbe wa histiosaiti. Neno hilo linaweza kumtisha mzazi akilisoma kwenye simu usiku, lakini halibadilishi ukweli kwamba watoto wengi wenye ugonjwa wa tezi tu huendelea vizuri.

Kinachobaki ni kliniki. Kila baada ya miezi michache shingo inapimwa, damu inaangaliwa, mtoto anaulizwa kuhusu macho, pua, mifupa na maumivu ya kichwa. Tezi moja ikianza kukua haraka kuliko zenzake, au homa ikirudi bila sababu, sindano inachomwa tena, safari hii kwenye tezi hiyo.